Kabla ya kununua ruta, chunguza kompyuta

MZAZI wa Emali mwenye mwana chuoni anajua uchungu wa intaneti. Kijana akirudi likizoni, bando za simu huyeyuka kama chumvi majini. Mwishowe jamaa huamua kununua ruta ya waifai itumiwe na nyumba nzima. Hapo ndipo swali huzuka: je, itaelewana na kompyuta ya kijana inayotumia Linux?

Linux ni programu endeshi iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Wanafunzi huipenda kwa kuwa hupatikana bila malipo na hufufua kompyuta kuukuu.

Jibu ni rahisi. Ruta haibagui; mawimbi yake ni yale yale kwa Linux na kwa Windows. Tatizo, likiwapo, huwa katika kadi ya waifai iliyo ndani ya kompyuta. Kadi za Intel kwa kawaida hufanya kazi bila taabu, lakini baadhi ya zile za Broadcom hudai programu ya ziada. Kwa hivyo, ibebe kompyuta hadi dukani, iunganishe na ruta, ndipo utoe pesa.

Sasa tazama mambo manne.

Kwanza, njia ya intaneti. Ikiwa waya wa faiba haujafika mtaani kwenu, tafuta ruta ya kadi ya simu. Jaribu kwa simu ni mtandao upi unaoshika vyema nyumbani, kisha uulize kama ruta imefungiwa mtandao mmoja.

Pili, mawimbi. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayaendi mbali. Nyumba ya mawe yenye vyumba kadhaa yafaa ruta yenye yote mawili.

Tatu, usalama. Chagua WPA2 au WPA3, na ubadilishe nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo jirani atakumalizia bando.

Nne, matayarisho. Chagua ruta inayotayarishwa kupitia kivinjari, kwa anwani iliyoandikwa chini yake. Hiyo haitakudai Windows.

Uliza maswali haya yote dukani, mzazi. Pesa za kununua ruta ya pili zina kazi nyingine: karo inangoja.