Mtoto kuchanganya lugha si ugonjwa

“Mama, nimefinish homework, naomba nikacheze.” Sentensi kama hii husikika kila jioni katika nyumba nyingi za mijini. Wapo wazazi wanaoifurahia, wakiona ada wanayolipa inazaa matunda. Wengine huingiwa na hofu kwamba mtoto hajui Kiingereza wala Kiswahili, na baadhi hupiga marufuku lugha ya nyumbani ili “asichanganyikiwe”.

Mzazi, kuchanganya lugha ni kawaida kwa mtoto anayekua na lugha mbili au zaidi. Itazame tena sentensi hiyo. “Nime-” imekaa mahali pake, kisha kikapachikwa kitenzi cha Kiingereza. Mtoto huyo anafuata kanuni za Kiswahili, ila amechukua neno analolisikia zaidi shuleni.

Kwa kawaida lugha moja huwa na nguvu kuliko nyingine, na nguvu hiyo huhama kadiri mtoto anavyoitumia. Aliyelelewa na bibi Rombo huanza na Kichaga. Akihamia Dar es Salaam, Kiswahili hushika nafasi.

Tatizo huonekana zaidi kidato cha kwanza. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini sekondari masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwanafunzi aliyekuwa akinyoosha mkono kila mara anaweza kunyamaza ghafla. Kabla hujamwita mzito, mwambie akueleze somo hilo kwa Kiswahili. Akilieleza vizuri, kinachompungukia ni maneno ya Kiingereza, akili anayo.

Hata hivyo, usisingizie lugha nyingi pale mtoto anapochelewa kuongea. Hesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja. “Maji” na “bye” ni maneno mawili. Mpeleke hospitali ikiwa:

- amefikisha mwaka mmoja na nusu bila kusema neno lolote;
- ana miaka miwili na haunganishi maneno mawili, kama “mama njoo”, kwa lugha yoyote;
- amepoteza maneno aliyokuwa nayo;
- haitiki akiitwa jina.

Ukifika huko, omba apimwe usikivu mapema. Tatizo halisi la lugha hujitokeza katika lugha zote anazozungumza mtoto, na kumwondolea moja hakulitibu. Kusubiri tu kwa kuamini “ataongea akikua” humpotezea muda wa kusaidiwa.

Nyumbani, zungumza naye kwa lugha unayoimudu vizuri. Kiingereza cha kubahatisha kutoka kwako hakimsaidii kuliko Kiswahili au Kisukuma chenye hadithi, vitendawili na maelezo kamili. Akichanganya, usimkemee wala kumcheka mbele ya wageni, maana mtoto anayechekwa huchagua kunyamaza. Mrudishie tu sentensi iliyokamilika: “Umemaliza kazi za shule? Haya, nenda kacheze.” Atalidaka neno bila kuaibika.

Kiingereza atakikuta shuleni, vitabuni na kwenye runinga. Lugha ya bibi yake ataipata kwenu tu. Mkiizima, siku bibi atakapokuja kusalimia, mjukuu atabaki kutabasamu na kutafuta mkalimani ndani ya nyumba yake mwenyewe.