Kanuni za Saluni Ziandikwe



Ziko saluni hapa Kisumu ambazo kanuni za kazi zimo kichwani mwa tajiri tu. Leo msusi aliyechelewa husamehewa. Kesho mwenzake hufukuzwa kwa kosa lilo hilo. Umeme ukirudi kwa kishindo na mashine ya kukausha nywele ikaungua, mshahara wa msusi hukatwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikubali hayo. Kifungu cha 19 chamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyofanywa kwa kusudi, si kwa bahati mbaya. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, naye asikilizwe pamoja na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua.

Lakini na sisi tujitazame. Msusi anayemnong'oneza mteja amfuate nyumbani kwa bei nafuu, huku akitumia dawa ya saluni, anawaharibia wenzake kazi.

Basi wasusi wakae na tajiri, waandike karatasi moja: saa ya kuingia, matumizi ya simu, malalamiko ya wateja yasikizwe na nani, kifaa kikiharibika nani alipe. Itundikwe ukutani, imfunge tajiri sawasawa na msusi. Mwanachama aliyeishika tutamtetea. Aliyeivunja tutamsindikiza akasikilizwe, lakini kosa lake hatutalificha.