Kulipia sentensi si kununua koo

Nimekuwa kimya, si mnajua tena, majaribio yalitubana. Leo nimerudi na hasira.

Jana chumbani tulikuwa tunaangalia tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Rumeti wangu akasema, “Siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu yeyote. Hawa waingiza sauti wa nini tena?” Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Mnamjua Bev Standing? Ni mama wa Kanada anayekula kwa sauti yake. Alisema alirekodi mwaka 2018 kwa kazi ya tafsiri tu. Baadaye akaisikia sauti yake TikTok, ikisoma chochote walichoandika watu, hata matusi. Mwaka 2021 akawashitaki wenye TikTok kule Marekani, wakamalizana nje ya mahakama. Sasa dada yetu anayeingiza sauti hapa Dar, yeye atamshitaki nani, na kwa hela ipi ya wakili?

Sisemi teknolojia ifungwe. Waigizaji wa sauti za michezo ya video Marekani waligoma karibu miezi 11, kuanzia Julai 2024, na hawakudai mashine zizimwe. Walidai waombwe ruhusa na walipwe. Wakapata mkataba.

Na sisi walimu watarajiwa tusijifanye hayatuhusu. Koo ndiyo jembe letu. Siku wakirekodi somo lako moja, wakalizalisha mia bila kukuuliza, utacheka tena?

Haya, mnaobisha, bisheni. Nipo.