Nani kasema lazima ufike 60?

Mwambie ndugu yako kwamba unaacha ajira ukiwa na miaka 50, mzima wa afya. Atauliza kama umefukuzwa. Atauliza kama umegombana na wakubwa. Kisha atakuja na ile kauli ninayoichukia kuliko zote: "Vumilia tu, imebaki miaka kumi."

Anayesema hivyo anaamini kwamba mwenye kungoja 60 ana uhakika. Uhakika gani? Mtumishi wa umma wa Tanzania aliyeingia kazini akijua atapewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo, mwaka 2018 aliambiwa ni asilimia 25. Watu wakalalamika, kanuni ikasimamishwa Desemba ya mwaka huo huo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40. Siibezi pensheni; kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, hakikisha michango yako imetimiza miezi 180, maana bila hiyo pensheni ya kila mwezi huipati. Ninachokataa ni kuutundika uzee wote kwenye kikokotoo cha mafao.

"Kuacha kazi mapema ni kwa matajiri," utaambiwa. Zunguka basi pembezoni mwa miji yetu uhesabu mapagale yaliyoota nyasi ndani. Yamejengwa na walimu, wauguzi, makarani, kwa mikopo iliyokatwa kwenye mishahara yao mwaka baada ya mwaka, na hayajawahi kumpangisha mtu hata chumba kimoja. Hizo ni fedha. Milioni 60 katika hatifungani ya Serikali ya miaka 25, kwa riba ya asilimia 12.56 iliyowekwa mwaka 2022, huzaa shilingi 7,536,000 kwa mwaka. Riba hiyo haikatwi kodi, na hulipwa kila baada ya miezi sita. Ukiigawa kwa miezi, ni 628,000. Na huhitaji kungoja mamilioni hayo yatimie ndipo uanze, kwa kuwa mnada wa Benki Kuu humpokea hata mwenye milioni moja.

Laki sita haitoshi kulea familia, najua. Tena riba ile haibadiliki miaka 25 yote, wakati mchele hupanda bei kila msimu. Ndiyo maana sisemi mtu aende kukaa barazani. Muuguzi achukue zamu mbili kwa wiki katika zahanati ya jirani. Mhasibu afunge hesabu za maduka matatu kila mwisho wa mwezi. Kipato cha kazi ndogo kilipe sokoni na shuleni, na sehemu ya riba irudi kununua hatifungani nyingine. Anayeila riba yote atakuja kulia, na hapo wanaotuonya wana haki.

Lakini wanapotuita wavivu wanakosea vibaya. Mwili wa miaka 50 bado unapanda mlima na kulima. Kwa nini huo ndio tuukabidhi kwa mwajiri, kisha tubaki na ule wa magoti mabovu?

Mimi Jumanne na Alhamisi nafundisha hesabu katika kituo cha tuisheni. Jumatano nampeleka mama kliniki, tunakwenda taratibu kwa miguu kwa sababu hapendi bajaji. Ana miaka 81. Hii ndiyo miaka kumi niliyoambiwa nivumilie.