Vidonge vya kichocho: tuulize, tusikimbie

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua sana sisi walimu wa shule za msingi vijijini kila inapofika siku ya kuwagawia watoto vidonge vya kichocho na minyoo. Jambo lenyewe ni uvumi. Siku mbili au tatu kabla ya ugawaji maneno huanza kupita kisimani, mnadani na siku hizi katika simu, kwamba vidonge hivyo vinaua, kwamba vimeletwa ili tukose uzazi, kwamba katika wilaya fulani watoto kumi wamekwisha zikwa. Ukiuliza ni wilaya gani hupati jibu. Ukiuliza ni watoto wa nani unaambiwa, "Ndivyo tulivyosikia, mwalimu." Asubuhi yake darasa la watoto hamsini linakuwa na watoto ishirini.

Mimi si mganga wala sitaki kujifanya mganga. Lakini mwalimu ndiye anayesimama na ule mti wa kupimia urefu wa watoto, ndiye anayehesabu vidonge, na ndiye anayefuatwa kwa marungu uvumi ukiwaka. Kwa hiyo naona ninayo haki ya kusema.

Wasomaji wengi watakumbuka yaliyotokea katika mkoa wetu wa Morogoro mwaka 2008. Katika shule kadhaa watoto waliumwa tumbo, wakatapika na wengine wakazirai baada ya kumeza vidonge. Habari zikavuma kwamba wanakufa. Wazazi wakakimbilia mashuleni, vurugu zikazuka, polisi wakaitwa na zoezi lote likasimamishwa. Watu wengi walirudi nyumbani siku ile wakiamini kwamba wamewaokoa watoto wao. Nauliza, waliwaokoa na nini? Kichocho kilibaki vile vile mitoni na katika majaruba ya mpunga, na watoto waliendelea kuoga humo.

Napenda kuwakumbusha wananchi wenzangu kichocho ni nini. Mtu mwenye kichocho akikojoa au akijisaidia majini hutoa mayai ya vidudu. Mayai yakianguliwa, vidudu huingia ndani ya konokono wa majini, huzaana humo, kisha hutoka kwa maelfu na kuogelea. Mtoto akiingia majini hupenya katika ngozi yake bila yeye kuhisi. Vikikomaa huishi katika mishipa ya damu kwa miaka, vikitaga mayai yanayoharibu kibofu, figo au ini. Kwa wanawake huweza kuharibu via vya uzazi, na mwenye kichocho cha mkojo cha muda mrefu anaweza kupata saratani ya kibofu. Ajabu ni kwamba dawa inasingiziwa kuondoa uzazi, kumbe ugonjwa usiotibiwa ndio unaoweza kuuondoa.

Sasa tuseme ukweli juu ya dawa yenyewe. Prazikwanteli ni kidonge kikubwa na kichungu. Mtoto akikimeza anaweza kuumwa tumbo, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika. Hali hiyo humjia zaidi mtoto mwenye vidudu vingi, kwa sababu vidudu vinapokufa ndani ya mwili huleta machafuko, na humzidi yule ambaye hakula kitu. Kwa kawaida hupita baada ya saa chache. Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba mwanawe aliumwa baada ya kumeza hasemi uongo. Anayesema uongo ni yule anayeichukua habari hiyo ya tumbo, akaitia chumvi, na kuifikisha kijiji cha pili ikiwa habari ya maiti.

Mimi hufundisha hesabu, basi na tufanye hesabu kidogo. Tuseme shule ina watoto 600, na kwa kawaida watoto sita huumwa kila siku, huyu malaria, yule mafua, mwingine kuhara. Siku hizo hakuna anayekimbilia shuleni. Siku ya vidonge watoto sita wale wale wataumwa, lakini safari hii wote sita watahesabiwa kuwa wameumizwa na vidonge. Waongeze na wale waliopata kichefuchefu kweli. Mwongeze na mtoto aliyeona mwenzake akitapika, naye akaingiwa na hofu mpaka akaanguka. Jioni kijiji kizima kina ushahidi. Nao mkoa una shule mamia. Katika makundi makubwa ya watoto kiasi hicho, yupo mmoja ambaye wiki hiyo angefariki hata kama kidonge kisingekuwapo, maana watoto wetu hufa kwa malaria na maradhi mengine. Kuja baada ya jambo si sawa na kusababishwa nalo. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini hakuna anayesema kwamba jogoo ndiye aliyelileta jua.

Wako watakaonijibu kwamba lisemwalo lipo. Nawajibu kwamba methali hiyo ni nzuri kwa mambo ya jirani yako unayemwona. Kwa ujumbe wa sauti uliopitia simu mia moja, na msemaji wa kwanza hajulikani, methali hiyo haitusaidii.

Ninalojiuliza mara kwa mara ni hili: kwa nini tunaogopa kidonge na hatuogopi mto? Mzazi yule yule aliyemficha mwanawe siku ya vidonge, kesho yake humtuma mtoni kufua. Mzazi mwingine huwapakia watoto wake watatu mshikaki juu ya bodaboda moja, bila kofia hata moja, na kuwatakia safari njema. Sisemi kwamba wazazi hawa hawana akili. Naona sababu ni kwamba hofu yetu haiendi na ukubwa wa hatari. Mto tumeuzoea tangu utoto, nao hauui siku hiyo hiyo, huchukua miaka ishirini, na wakati huo hakuna anayeukumbuka. Bodaboda tumeichagua wenyewe. Kidonge ni kigeni, kimeletwa na watu tusiowajua, tunaambiwa tumeze bila kuulizwa, tena wanaomeza ni watoto wetu. Jambo lenye sifa hizo litamtisha mtu yeyote, awe wa kijijini au wa mjini, awe amesoma au hakusoma.

Tena nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kitu kinacholetwa kwa jina la afya kipokelewe kwa macho yaliyofumba. Huko Misri, kabla ya vidonge hivi, kichocho kilitibiwa kwa sindano nyingi kwa miaka mingi, mpaka miaka ya 1980 mwanzoni. Sindano moja ilichoma watu wengi bila kusafishwa ipasavyo, na watu wengi mno wakaambukizwa homa ya ini aina ya C. Nia ilikuwa njema lakini madhara yalikuwa makubwa. Mtu ambaye angesimama siku zile na kuuliza, "Sindano hii imechemshwa?" angekuwa ameuliza swali la maana kabisa na angestahili jibu.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji waone tofauti. Kuuliza si ujinga. Swali la kweli hutaka jibu, na jibu likipatikana mtu huamua. Dawa hii imetengenezwa wapi? Muda wake wa kutumika umekwisha lini? Mtoto wa urefu huu anameza vingapi, na kwa nini? Akitapika nimpeleke wapi, na nani atakuwapo? Maswali hayo yana majibu, na mwalimu au muuguzi asiyeweza kuyajibu atafute anayeweza. Lakini uvumi hautaki jibu. Ukionyeshwa kwamba watoto kumi waliozikwa hawapo, unahamia wilaya nyingine na watoto wanakuwa ishirini.

Hasara ya uvumi ilionekana Nigeria. Mwaka 2003 jimbo la Kano lilisimamisha chanjo ya polio kwa sababu ilivumishwa kwamba chanjo ile inaondoa uzazi. Ilipofika mwaka 2004 jimbo likairudisha, lakini ugonjwa ulikwisha toka na kuingia katika nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zimeutokomeza, na mwaka 2005 ukafika hata Indonesia. Wapo leo watu wazima wanaotembea kwa magongo kwa sababu ya maneno ya mwaka ule. Waliovumisha hawakuwapelekea hata gongo moja.

Sisi nasi tunachezea moto huo huo kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilitolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Maneno ni yale yale: itawaondolea uzazi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 nchini hupata saratani hiyo kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa. Hao ni mama zetu na dada zetu, na hakuna kijiji kilichopiga mbiu kwa ajili yao.

Ndugu Mhariri, lawama hii haiwahusu wazazi peke yao. Sehemu kubwa ni yetu sisi tunaopeleka huduma. Mara nyingi barua ya zoezi hufika shuleni siku moja kabla. Mkutano wa wazazi hauitishwi. Anayekuja na sanduku la dawa ana haraka ya kwenda shule ya pili. Mzazi akiuliza kama dawa ina madhara anajibiwa, "Haina madhara yoyote, acheni ujinga." Nusu saa baadaye mtoto anatapika. Je, mzazi huyo atamwamini nani siku nyingine? Aliyesema "haina madhara" ndiye aliyeupa uvumi nguvu. Angesema mapema kwamba wachache wataumwa tumbo na watapona kabla ya jua kuzama, mtoto akitapika mama angesema, "Ndivyo tulivyoambiwa," akatafuta maji ya kumnywesha.

Nchi hii iliwahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana na kuamua wenyewe la kufanya kijijini mwao. Vyoo vilichimbwa kwa wingi. Watu walitimiza kazi ile kwa sababu walishirikishwa kabla, hawakukurupushwa. Leo tuna redio nyingi zaidi na simu karibu kila nyumba, lakini tumewaachia wavumishaji vyombo hivyo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, mkutano wa wazazi ufanyike wiki moja kabla ya ugawaji, muuguzi wa zahanati awepo, na maswali yote yajibiwe hata yale ya kuudhi.

Pili, madhara madogo ya dawa yatajwe waziwazi.

Tatu, siku ya vidonge pasiwe na mtoto anayemeza bila kula. Wazazi wachange unga na sukari, uji upikwe shuleni, na wale mama watakaoupika wawe mashahidi wa zoezi zima.

Nne, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na sisi walimu tuwalete watoto wetu wameze mbele ya watu, wa kwanza kabisa.

Tano, muuguzi asiondoke mpaka jioni, na baada ya siku chache wazazi waelezwe hesabu: waliomeza wangapi, walioumwa wangapi, waliopona wangapi. Uvumi hauna hesabu, na hapo ndipo tunapoweza kuushinda.

Sita, vidonge visiwe mwisho wa kazi. Prazikwanteli huua vidudu vilivyomo mwilini lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena. Shule isiyo na choo cha kutosha wala maji ya bomba itaendelea kugawa vidonge kila mwaka na kutoa watoto wanaokojoa damu.

Kwa wazazi wenzangu ninalo ombi moja. Mkisikia neno juu ya vidonge, msiwafiche watoto porini. Njooni shuleni, muulize, mwione dawa, msome tarehe iliyoandikwa katika kopo, mkae mpaka watoto wamalize. Mkiona jambo lisilo sawa, lisemeni hapo hapo mbele ya wote, na sisi walimu tutawaunga mkono. Lakini mkikaa nyumbani kwa sababu ya sauti ya mtu msiyemjua, mjue kwamba mtu huyo hatakuwapo siku mtoto wenu atakapolazwa kwa ini au kibofu.



Mwalimu wa Kijijini,
Morogoro.