Mtoro wa Dawa na Ujira Wake

Katika rejesta za kliniki za kifua kikuu limo neno zito: mtoro. Ndilo analopewa mgonjwa ambaye siku yake ya kuchukua dawa imepita na hakuonekana. Neno hilo humtia hatiani kabla hajaulizwa anafanya kazi gani, na kwa ujira upi.

Dawa za kifua kikuu nchini Tanzania hutolewa bure. Ni jambo la kujivunia, ila limewafanya watoa huduma wengi waamini kuwa matibabu nayo hayana gharama. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimpangia mtumishi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi. Zikigawanywa kwa siku 26 za kazi, ni takriban shilingi 2,300 kwa siku. Akipanda daladala mbili kwenda kliniki na mbili kurudi, kwa shilingi 600 kila moja, nauli imekwisha kuupita ujira wa siku nzima. Matibabu ni ya miezi sita.

Mtumishi huyo angalau hula jikoni kwa mwajiri. Mlinzi wa usiku hujinunulia chakula, na mgonjwa wa kifua kikuu anapoanza kupata nafuu hurudiwa na njaa kali. Kumhimiza ale mayai na matunda bila kujua anachobakiza baada ya kulipa kodi ya chumba ni kumpa cheti cha dawa isiyouzwa popote.

Nyongeza ya wastani wa asilimia 33.4 katika kima cha chini cha sekta binafsi, iliyotangazwa kuanza Januari 2026, inastahili kupongezwa. Hata hivyo, anachokiogopa zaidi mwenye ujira mdogo si nauli. Ni kupoteza nafasi yake. Langoni wapo wengine wanaoisubiri, na mwajiri akisikia kikohozi hana subira. Kwa hiyo mgonjwa huficha kadi, hukosa kliniki, na dozi hukatika. Wafanyakazi wenzake hubaki katika chumba kimoja naye, ilhali wiki chache za dawa zingepunguza sana uwezo wake wa kuambukiza.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mtumishi wa nyumbani naye ni mwajiriwa. Lakini mwajiri halazimiki kulipa pasipo cheti cha tabibu, na hapo ndipo lawama inapohamia upande wa pili wa meza. Tabibu aandikaye dozi kwa uangalifu, kisha akamruhusu mgonjwa aondoke bila karatasi ya mapumziko, ile ambayo wengi huiita ED, amemaliza nusu tu ya kazi yake. Karatasi hiyo haihitaji kutangaza ugonjwa; idadi ya siku, sahihi na mhuri vinatosha.

Mgonjwa naye asione haya kuiomba kabla hajatoka chumbani. Kuomba cheti si kujifanya mgonjwa, japo wapo wahudumu ambao huitikia ombi hilo kwa kukunja uso.

Wapo ambao karatasi haitawafaa: aliyeajiriwa kwa muda usiofika miezi sita, ambaye hajastahili likizo ya malipo, na kibarua anayelipwa jioni kwa kazi ya mchana. Kwa hawa, uamuzi uko kwa mganga mfawidhi. Anaweza kumhamishia mgonjwa dawa zake kwenye zahanati iliyo karibu na kazini kwake, na anaweza kupanga muuguzi mmoja afungue dirisha la dawa saa kumi na mbili asubuhi, kabla zamu ya kiwandani haijaanza.