Nani Bwana wa Kiwanda cha Motokaa?



Mtu asimamaye asubuhi penye njia ya Iga Barrière, kaskazini ya Bunia, siku ambazo safari ni salama, huona ulimwengu ukipita mbele yake juu ya magurudumu. Malori yaelekea Mahagi na mpaka wa Uganda. Mengine yaenda upande wa machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu. Pikipiki zilizoundwa India zabeba watu, mihogo na mbuzi. Motokaa kuukuu za Kijapani, zilizokwisha kutumika miaka mingi kwingineko, zaanza maisha ya pili katika vumbi letu. Katika hizo zote ni shida kuona hata moja iliyoundwa na mikono ya Waafrika.

Hivi karibuni lori moja lilikaa kando ya njia siku nne, likingoja kipande kidogo cha chuma kisichozidi kiganja cha mtu. Dereva alikuwapo, fundi alikuwapo, mzigo ulikuwapo, lakini kipande hicho sharti kitoke mbali. Watoto wa shule walikuwa wakitazama, na mmoja wao akauliza: “Twasikia kwamba Waganda wanaunda mabasi yao wenyewe huko Jinja. Je, ni yao kweli, au wamebandika jina tu?”

Swali hilo lastahili jibu. Neno barrière kwa Kifaransa ni kizuizi cha njiani, na kila dereva ajua aulizwavyo penye kizuizi: gari ni la nani, limetoka wapi, nani aliyekutuma? Basi leo tukisimamishe kiwanda cha motokaa penye kizuizi chetu, tukakiulize maswali yayo hayo.

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi hudhani kwamba kiwanda chenye kujitegemea ni kile kinachofanya kila kitu peke yake. Hakuna kiwanda cha namna hiyo duniani. Motokaa moja, ukihesabu hata skrubu, ina vipande vipatavyo 30,000. Hata Toyota, kwa nguvu zake zote, hununua vipande vingi sana kwa viwanda vingine. Vivyo hivyo mkulima wa Djugu hafui jembe lake mwenyewe. Hulinunua kwa mhunzi, wala haoni aibu. Lakini yeye ndiye achaguaye mbegu, ndiye aamuaye alime lini na amwuzie nani. Siku mhunzi atakapomwambia, “Ukitaka jembe langu sharti upande nitakacho mimi,” naye akakosa mhunzi mwingine wa kumwendea, siku hiyo si bwana wa shamba lake tena.

Basi swali la kwanza ni hili: michoro ni ya nani? Maana mwenye michoro ndiye awezaye kubadili gari, kuinua tumbo lake lipite katika matope, kukaza chesisi, au kuondoa kisichofaa. Nchi ya Malaysia ilianzisha kiwanda chake cha Proton mwaka 1983, na mwaka 1985 motokaa ya kwanza, iliyoitwa Saga, ikatoka. Watu wakashangilia motokaa ya taifa. Lakini chini ya jina hilo ilikuwa motokaa ya Mitsubishi ya Ujapani, na Mitsubishi yenyewe ilikuwa na sehemu katika kampuni. Serikali ikaikinga Proton kwa kutoza motokaa za kigeni kodi kubwa. Wahandisi wao walijifunza, wala hatuwezi kuwadharau, maana baadaye waliunda hata injini yao wenyewe. Hata hivyo, mwaka 2017 kampuni ya Kichina ya Geely ilinunua asilimia 49.9 ya Proton, na motokaa kadhaa zilizofuata zilitokana na michoro ya Geely. Jina limebaki la Malaysia. Michoro imehamia kwingine.

Swali la pili: moyo wa gari watoka wapi? Moyo ni injini na sanduku la gia, au betri na mota katika gari la umeme. Hapa yafaa tusikie habari za Korea ya Kusini. Mwaka 1940 kijana mmoja, mwana wa wakulima maskini, jina lake Chung Ju-yung, alichukua gereji ya kutengenezea motokaa katika mji wa Seoul. Muda si mrefu gereji ikateketea kwa moto. Akakopa tena, akaanza upya. Mwaka 1967 mtu huyo huyo alianzisha kampuni ya motokaa ya Hyundai, na mwaka uliofuata wakaanza kuunganisha vipande vya motokaa ya Cortina kutoka kwa Ford. Walikuwa mafundi wa kuunganisha tu, basi. Wakajaribu kupatana na Ford juu ya kiwanda cha pamoja cha injini, mashauri yakavunjika.

Ndipo walipofanya jambo la akili. Hawakujifungia ndani wakisema, “Tutafanya yote peke yetu.” Walimwajiri Mwingereza George Turnbull, aliyejua kazi ya viwanda, umbo la gari wakalipata kwa Mwitalia Giorgetto Giugiaro, injini wakainunua kwa Mitsubishi. Lakini uamuzi walishika wenyewe, na motokaa iitwayo Pony ikaanza kuundwa mwaka 1975. Wala hawakulala hapo. Mwaka 1991 ndipo walipotoa injini yao ya kwanza waliyoibuni wenyewe, iitwayo Alpha. Tangu 1967 mpaka 1991 ni miaka 24! Kununua moyo kwa jirani si vibaya, ikiwa kila siku unajifunza kuufanya wako.

Swali la tatu: nani alipaye, na nani anunuaye? Hapa ndipo wengi huanguka. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wabuni motokaa. Walifanya kazi, na mwaka 1990 motokaa za Nyayo Pioneer zikaonyeshwa mbele ya watu. Akili ilikuwapo, mikono ilikuwapo. Lakini fedha za kuziunda kwa wingi hazikupatikana, na hakuna mtu wa kawaida aliyepata kuinunua. Baadaye tena, Mwingereza Joel Jackson alianzisha huko Kenya kampuni ya Mobius, ili kuunda gari rahisi kwa njia mbovu za Afrika. Shabaha yake ilikuwa njema. Lakini mwezi wa Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufungwa kwa kulemewa na madeni, kisha ikapata mnunuzi kutoka nje. Kiwanda kisicho na wanunuzi wa kutosha huishi kwa huruma ya mwenye mfuko.

Sasa twaweza kurudi Jinja. Kiira ni jina ambalo Wasoga huuita mto Nile, mto ambao maji yake, yakiisha kuzungusha mitambo ya umeme ya Jinja, hufika pembe ya kaskazini ya Ziwa Albert, si mbali na ndugu zetu wa Mahagi. Kazi ilianza miongoni mwa wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa. Mwaka 2011 walionyesha motokaa ya umeme ya watu wawili. Mwaka 2014 motokaa ya watu watano. Mwaka 2016 basi la Kayoola la watu 35, lenye vioo vya kunasa nguvu za jua juu ya paa. Kampuni ya Kiira Motors ni mali ya Serikali ya Uganda kwa asilimia 96, na ya Makerere kwa asilimia 4. Ujenzi wa kiwanda chake Jinja ulianza mwaka 2019. Mabasi makubwa ya umeme yaliyofuata yaliundwa kwa kushirikiana na kampuni ya Kichina ya CHTC.

Tukiwauliza maswali yetu matatu, watajibuje? Kwa michoro, wamejifunza kwa mikono yao wenyewe tangu mwanzo, na hilo ni jambo kubwa. Kwa moyo wa gari, bado wamo njiani, kama Wakorea walivyokuwa mwaka 1975. Kwa fedha, hakuna tajiri wa kigeni awezaye kuwafukuza katika nyumba yao. Lakini hazina ya serikali ni bwana vile vile, na siku itakapofunga mkono, kiwanda kitaona njaa. Uhuru wao utakamilika wenye mabasi wa Kampala, na labda wa Bunia, watakaponunua mabasi hayo kwa kuwa ni mazuri na bei yake yafaa, wala si kwa kuambiwa. Basi, mwanafunzi wetu, jibu ni hili: hawakubandika jina tu, lakini safari yao haijakwisha.

Na sisi Wakongomani? Nchi yetu hutoa yapata robo tatu ya kobalti yote ichimbwayo duniani, madini yatumiwayo katika betri nyingi za motokaa za umeme. Yachimbwa kule Katanga ya kale, husafishwa zaidi Uchina, kisha betri yaturudia kwa bei ya mwenye kiwanda. Watu wa Ituri waijua hadithi hiyo, maana dhahabu ya Kilo imeondoka hapa kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilipatana kushirikiana katika kazi ya betri. Mwezi wa Februari 2025 Serikali ilizuia kobalti isitoke, na tangu Oktoba mwaka huo yatoka kwa kipimo. Kuweka kizuizi ni haki ya mwenye mali. Lakini kizuizi peke yake hupandisha bei tu; hakimfundishi mtoto namna betri iundwavyo.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msimcheke kijana arudiye jioni na mafuta meusi mikononi. Mwulizeni: leo umejifunza nini? Kama amebadili kipande tu asijue kazi yake, amekuwa mchukuzi wa spea. Kama ajua kwa nini kilivunjika, na aweza kukichora na kukipima, huyo ameanza kuwa bwana wa kazi yake. Mpelekeni shule ya ufundi, na dada yake pia, akipenda. Nanyi wanafunzi, msikimbie hesabu na fizikia mkisema hazina faida kijijini.

Lori lile liliondoka siku ya tano. Kabla ya kukitupa kipande kilichovunjika, fundi alikiweka juu ya karatasi, akakizungushia kalamu, akaandika vipimo kando yake. Tulipomwuliza sababu, alijibu: “Siku nyingine nitajaribu kukichonga mwenyewe.”